Renault ya Mwalimu Njue

Mume wangu Salesio Riungu alitengeneza magari ya watu kwa miaka thelathini na minane pale Makutano, Meru, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa na gari lake. Watu nikiwaambia hudhani natania. Nimefua oili ya Peugeot za walimu na ya malori ya viazi kwenye mashati yake mpaka vidole vikakauka, na Jumapili ikifika tulitembea kwa miguu kwenda misa, yeye akisikiliza kila gari linalotupita. "Hiyo plagi moja imekufa," ananinong'oneza, nami niko katikati ya rozari.

Nilipokubali kuolewa naye, mwaka wa themanini na moja, aliniahidi Renault 4. Watu wa siku zile waliiita Roho. Kilikuwa kigari chepesi chenye miguu mirefu, na gia yake ilichomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Alisema atanipeleka kanisani nayo, dirisha wazi, kitambaa changu kikipepea. Nilikuwa na miaka ishirini, nikaamini. Kusema kweli sikuwahi kuacha kuamini, na mara nyingi nikipalilia viazi nilikuwa najiona ndani ya kile kigari, mimi na kitambaa changu, tukiteremka mlima polepole.

Alipofikisha miaka sitini alifunga gereji, akaanza kuitafuta. Alikagua kumi na moja, na zote kumi na moja alizikataa, kwa sababu Salesio hajui kudanganya kuhusu gari, hata kujidanganya mwenyewe. Magoti nayo yalikuwa yamechoka kulala chini ya magari. Akaniambia, "Mama Kathure, ya kumi na mbili ndiyo ya mwisho. Nikiikataa hiyo, basi, nitazeeka nikitembea." Kathure ni binti yetu.

Ya kumi na mbili ilikuwa Kianjokoma, kule Embu, kwa mjane wa mwalimu mmoja aliyeitwa Njue. Tulifika Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba, baridi ikiuma masikio. Ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya majani chai hata usione mti ulipoanzia. Tukaufuata uzio mpaka ndani ya boma, na ghafla, chini ya paa la mabati, nikaiona. Ilikuwa ya rangi ya samawati, imesimama juu ya mawe manne, inametameta kwa maji. Mama mmoja mwembamba alikuwa kando yake na ndoo.

"Karibuni," alisema. "Mmenipata nikimalizia kuiosha." Huyo ndiye Wambeti, mjane mwenyewe.

Salesio alivua kofia. Aliizunguka ile gari mara tatu bila kuigusa. Kisha akatoa sumaku yake, ile aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwenye kitambaa na kuipitisha milangoni. Mahali palipozibwa kwa pati badala ya chuma, sumaku huanguka. Haikuanguka hata mara moja. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa. Akaingiza mpini wa kuwashia, akasukuma, na injini iliyolala miaka kumi na tisa, tangu Njue afe, ikazunguka taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Salesio akanitazama. Uso wake ulikuwa ule wa mwaka wa themanini na moja, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaona haya.

Wambeti alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea chai na nduma. Yeye alizungumza Kiswahili, mimi Kiswahili, na tulipokwama yeye akasema kwa Kiembu nami nikajibu kwa Kimeru, tukaelewana.

"Njue aliinunua eighty-four," aliniambia. "Barabara hii wakati wa mvua ni matope tu. Siku moja tunaenda kanisani, matope ikaruka ndani kwa yale matundu ya chini, ikachafua viatu vyangu vyeupe vya kwaya. Nililia, mama, hata aibu sikuwa nayo. Kesho yake Njue akaingia chini na kopo la lami, akaziba yote. Viatu havikuchafuka tena mpaka akafa."

"Na tangu afe?"

"Kila Jumamosi naiosha. Sijawahi kuruka hata moja."

"Hata ndani?"

"Ndani ndiyo kabisa! Namwaga ndoo mbili, nasugua na brashi vile nasugua nyumba. Njue hakupenda vumbi." Akaitazama mikono yake. "Sasa ndoo imenishinda. Na nikienda mimi, najua watu wa vyuma kuukuu wataikatakata. Nataka iende kwa mtu ako na mikono."

Salesio alikuwa ametandika gunia na kuingia chini. Namjua mume wangu kwa masikio. Akigonga chuma kizuri, husikika ko, ko, ko, naye hupiga mluzi. Alianza na mluzi. Kisha nikasikia mgongo wa bisibisi ukigonga pu, pu, na mluzi ukakoma. Halafu kimya. Magari yale mengine, kimya kama hicho kilikuwa cha dakika moja, kisha anatoka, anakung'uta suruali, anasema, "Hapana." Safari hii alikaa chini hadi chai yangu ikapoa. Nikaweka kikombe chini. Niliijua ile hapana kabla haijaja, na iliniuma kama mtoto aliyenyimwa sikukuu.

Alitoka akiwa na vumbi la kutu kwenye nyusi. Wambeti alikuwa amesimama akimsubiri, kitambaa kibichi mkononi.

"Fundi, niambie ukweli. Nimeitunza vizuri?"

Salesio aliitazama ndoo. Akanitazama mimi. "Mama," akasema, "hii gari imependwa sana."

"Hiyo siyo ile nimeuliza."

"Naichukua."

Hakuomba kupunguziwa hata shilingi, Salesio huyu anayebishania bei ya kitunguu! Aliomba jambo moja tu. "Usiioshe tena mpaka nije na lori Alhamisi. Rangi ipumzike."

Rangi ipumzike! Ulikuwa uongo wa kwanza niliomsikia akisema juu ya gari, na ulimtoka kwa shida, masikio yamewaka.

Tulipofika barabarani nikamgeukia. Akaniambia yote. Sakafu imeoza kuanzia mbele mpaka nyuma, na Renault 4 imesimama juu ya sakafu yake, bila hiyo ni bati tupu. Yale matundu yaliwekwa na waliounda gari ili maji yatoke. Mtu aliyaziba kwa lami, na maji yamelala humo miaka na miaka. Hapo ndipo nami nilipomweleza habari za viatu vya kwaya na ndoo mbili za kila Jumamosi. Salesio alisimama katikati ya ukungu, akageuka kutazama tulikotoka.

Mimi nilikuwa na hasira, sifichi. "Umenunua gari haina sakafu! Ungemwambia tu, upunguziwe, au tuende zetu."

"Sakafu nitaitengeneza," akasema. "Yeye nikimvunja, nitamtengeneza na nini?"

Ilimchukua miezi minane. Alikata chuma kibovu vipande vipande, akachomelea kipya, nami nikashona vitambaa vya viti. Siku nyingine nilimpelekea uji nikamkuta ameketi tu ndani ya gari lisilo na sakafu, miguu yake juu ya nyasi, mkono kwenye ile gia, macho yakiwa mbali. Sikumsemesha. Nilikuwa namwachia uji na kurudi jikoni kwa kunyata.

Ilipokamilika nilitoa kitambaa changu kizuri. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Lakini Salesio akasema safari ya kwanza ni leo, Jumamosi, na ni ya Kianjokoma. Nilinuna mpaka Nkubu. Baada ya hapo mtu angenunaje? Dirisha lilikuwa wazi, migomba inapita, mito inapita chini kabisa mabondeni, na kigari kinayumba kwenye kona kama kinatubembeleza. Chuka ikapita, Runyenjes ikapita, na kitambaa changu kikapepea kwa miaka yote thelathini na mitano niliyosubiri.

Wambeti alitoka nyumbani polepole. Aliigusa taa ya mbele kwa kiganja.

"Leo ni Jumamosi, mama," Salesio akamwambia. "Nimekuletea uioshe. Ndoo nitabeba mimi."

Aliiosha kama mtu anayemwogesha mtoto. Kisha akafungua mlango, akamwaga maji ndani. Maji yakazunguka kidogo sakafuni, yakashuka kwa matundu manne, yakatiririka chini ya gari mpaka kwenye sukuma wiki. Wambeti aliacha kusugua. Akainama akayatazama yakienda.

"Zamani maji haikuwa inatoka," akasema.

Salesio aliweka ndoo chini.

"Ilikuwa inaenda wapi?"

"Ilikuwa inakaa, mama. Nilikudanganya juu ya rangi. Nisamehe. Hii miezi yote sijalala vizuri."

Wambeti aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari. "Kwa hivyo ni mimi niliiozesha. Kila Jumamosi."

"Mlikuwa wawili," Salesio akasema. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa gazeti, kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiona. Kilikuwa kipande cha chuma cha ile sakafu ya zamani, chenye tundu lililozibwa lami. Juu ya lami ilikuwa imebaki alama ya kidole gumba, mistari yake yote, pale mtu alipoikandamiza ikiwa bado laini.

Wambeti alikipokea. Kisha akaweka kidole gumba chake ndani ya ile alama. Kilipwaya.

"Alikuwa na vidole vikubwa," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Viatu tu! Kwa sababu ya viatu!"

Nilimshika bega. Salesio aligeuka, akajifanya anakagua tairi ambalo alilifunga mwenyewe siku iliyotangulia.

Baadaye Wambeti alikitia kile chuma kwenye mfuko wa sweta, akasimama, akakunja mikono ya sweta tena.

"Fundi, jaza ndoo," akasema. "Nyuma bado sijaosha."