Kazi ya Kukaa na Mzazi

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya kijiji kimoja cha Ujamaa kule kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, nikisubiri barua, mara akaingia mkunga wa zahanati. Katibu alimwamkia, "Shikamoo mama." Mkunga akaitikia marahaba, kisha akaweka viganja vyote viwili mezani.

"Yule binti aliyejifungua majuzi halali, analia, na sasa anakunywa pombe tangu alfajiri ili asahau. Nataka wanawake wawili wakae naye kila siku, na uwaandike kwenye daftari la kazi kuwa wamekwenda shamba la kijiji."

Katibu alijikuna kichwa kwa kalamu. "Mama, kukaa nako ni kazi?"

"Wewe mwanangu umekaa hapo tangu asubuhi. Umejiandika nini?"

Foleni nzima tulicheka. Katibu akaandika, naye akicheka.

Jana nilipita nyumbani kwa yule binti. Wanawake walikuwa saba badala ya wawili, wanapokezana mtoto, na kibuyu alichokuwa akinywea pombe kimejaa uji. Nilimwuliza mzazi hali yake.

"Nimelala," akasema, kama mtu anayetangaza mavuno.

Katibu sasa analalamika kwamba shamba linaota majani. Na yaote. Majani tutayang'oa Jumamosi. Usingizi wa mzazi ndio haukuweza kungoja.