Nilimfunga Yaya Kidonda Macho Yangu Yakiwa Ukutani

Krrr, krrr. Meno ya yaya wangu yakisaga kona ya mto wa kulalia. Sauti ile ingali masikioni mwangu hata sasa ninapoandika. Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Si la daktari, wala si la uchawi wa jirani kama walivyosema watu wa kambi yetu. Langu mimi!

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa dereva wa mgodi hapa Kolwezi. Aliendesha gari la kubeba vyuma, njia ya Tenke, mashimo matupu, kutwa anarushwarushwa juu ya kiti. Kisha mkuu wa gereji akamwahidi moja ya yale malori makubwa yanayoshuka shimoni, yale ambayo gurudumu lake linamzidi mtu urefu. Ee, nilivyoota! Nilijiona nimevaa kitenge kipya kando ya barabara, napunga mkono, nawaambia watu: yule ni wetu!

Ndipo likamtoka jipu pale juu ya mpasuo wa matako, mgongo unapoishia. Likapasuka, likafunga, likarudi. Daktari akasema nywele zimeingia ndani ya ngozi kwa kukaa na kusuguliwa, zimechimba njia kama panya. Dawa ni kukata nyama yote yenye ugonjwa. Wakamkata, lakini hawakushona! Waliacha shimo wazi, kidole kinazama.

Infirmier, yaani muuguzi wa dispensari, mzee mcheshi aliyemwita kila mwanamke citoyenne, raia, akanieleza:

— Citoyenne, kidonda hiki kinapona kama kisima kinavyojala: toka chini. Kila siku unaosha na maji ya chumvi, unaingiza gaze, kitambaa hiki chepesi, polepole mpaka chini kabisa. Nywele za pembeni unanyoa. Kama ngozi ya juu inafunga ya kwanza, njo matata!

— Nimesikia, tata, nikajibu, maana mzee kama yule ni baba.

— Na bibi yake iko wapi?

— Alienda Lubudi kuzala kwa mama yake.

— Basi ni weye. Usiogope. Mbele arudi ku kazi, mutakuja nione kwanza.

Dispensari ilikuwa mbali, na yaya angekaaje kwenye baiskeli? Kwa hiyo kazi ikawa yangu, na mimi niliifurahia. Nilijiona tayari nimevaa blouse nyeupe, lile koti la wauguzi, watu wananiita mama infirmière!

Lakini sisi wazazi wetu walitoka Kasai. Kwetu dada haoni uchi wa kaka yake. Ni mwiko, na ni haya kubwa. Siku ya kwanza yaya alilala kifudifudi, shuka limemfunika mpaka kichwani.

— Ukiangalia, mi nitakufa na haya. Geuza macho ku ukuta. Weka tu.

— Sawa, yaya. Mi niko naangalia kalendari ya misheni. Leo ni ya mutakatifu nani, nikusomee?

— Acha kuchekesha, inauma!

Nikafanya hivyo kila asubuhi. Naimba, naangalia ukuta, mkono wangu unapapasa. Mwanzoni gaze iliingia, na meno yale yakasaga mto, na roho yangu ikakatika. Nani anaweza kumtesa ndugu yake hivyo? Nikapunguza kusukuma. Kesho yake nikapunguza tena. Mwishowe nilikuwa nailaza juu tu, kama unavyofunika sufuria ya bukari, ugali wetu.

— Leo haiumi hata kidogo! Uko na mukono ya malaika.

Nikavimba kichwa, jamani!

Siku moja niliiba jicho. Shimo halikuwepo tena. Ngozi imefunga, mstari mwekundu, safi! Nikapiga vigelegele hata majirani wakatoka nje.

— Tata infirmier alisema tumuonyeshe kwanza, yaya akanikumbusha.

— Umuonyeshe nini? Si imefunga? Nenda uchukue gari yako!

Hayo maneno ni yangu. Ni mdomo huu!

Akaenda, akapanda lile lori kubwa. Kabla ya saa sita walimrudisha, anatetemeka kwa homa, suruali imelowa usaha na damu. Wenzake walikuwa wanacheka:

— Mama yee, muone chauffeur! Ametaga yai ku kiti!

Yaya hakuinua macho.

Wakamkata mara ya pili, kwa upana zaidi. Ngozi ilikuwa imefunga juu, chini uozo umejikusanya. Infirmier akaniuliza mbele ya yaya:

— Citoyenne, ulikuwa unaingiza mpaka chini?

— Ndiyo, tata.

Uongo! Na yaya, kwa kuniamini, nilivyodhani, akamgeukia yule mzee kwa hasira:

— Banganga benu banajua tu kukata batu kama mbuzi!

Mzee aliniangalia kidogo, kisha akaenda kunawa mikono. Alikuwa amejua. Tangu siku hiyo alimfunga kidonda mwenyewe, na yaya alikwenda kwake kwa miguu, umbali ule wote, kila asubuhi, amepanua mapaja kama bata. Ilichukua miezi, lakini kidonda kilipona vizuri, toka chini.

Na lori? Mkuu wa gereji alisema shimo la mgodi halingoji mtu. Leo yaya ni mlinzi wa lango la mgodi. Anasimama kutwa, anafungua njia ili mwingine apite na lori lile.

Nilimwambia yaya ukweli siku mke wake aliporudi na mtoto.

— Mi pia nilijua gaze haiingii chini, akasema. Haikuuma tena, nikafurahi. Lakini ile gari, weye... ile gari...

Akatoka nje.

Ndugu zangu, haya haiponyeshi mtu! Kama mwiko unakuzuia kuangalia, sema wazi, aitwe mwanaume jirani, aitwe nani, lakini awe mtu wa kuangalia. Na mgonjwa akilia, mwache alie, maliza kazi. Msishangilie ngozi! Na mkiulizwa, msiseme uongo kama mimi.

Jana yaya alikuwa langoni, na wifi yangu, mke wake, alikuwa sokoni. Nilichukua suruali ya kazi ya yaya, ile ya kubadilisha, nikaigeuza ndani kuwa nje juani, nikakaa chini. Kwenye mshono wa nyuma kulikuwa na nywele zimekwama, zile zinazochimba njia kama panya. Nikazing'oa kwa kucha, unywele mmoja mmoja.