Kisima cha Bibi na Tangi la Wafalme

Ukifika Istanbul, rafiki yangu, lazima watakushusha chini ya ardhi. Juu tramu inapita, muuza mikate ya ufuta anaita wateja, na ukuta wa kale umetundikwa dishi la televisheni wala hakuna anayeshangaa. Wewe unakata tiketi, unashuka ngazi, na mara umo ndani ya tangi la maji lililojengwa na wafalme wa zamani hizo. Wenzangu wa safari waliinua simu wakapiga picha nguzo. Mimi nilitafuta maji yalikuwa yakiingilia wapi. Mtu wa Newala hawezi kujizuia.

Sisi wa mlimani tumelelewa na mvua ya paa, maana mto uko mbali bondeni. Bibi yangu, kule upande wa Mnyambe, alikuwa na kisima nyuma ya nyumba: shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, lenye mdomo mwembamba, mfuniko wa bati na kufuli. Ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga yake. Mvua za kwanza hazikuruhusiwa kuingia. Bibi aliugeuzia mfereji pembeni, akisema, "Hiyo ni ya kuliogesha paa," nasi tukaichezea uani mpaka meno yakagongana. Alipoona maji yametakata ndipo aliurudisha, na wote tukanyamaza kuyasikiliza yakianguka ndani. Siku hiyo alichemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, sufuria tele bila kuyaonea maji uchungu.

Kiangazi kilikuwa habari nyingine. Kikombe kimoja, uso na miguu. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Bukoba, alimaliza ndoo nzima kwa kuoga siku yake ya kwanza, na mtaa ukapata kicheko cha mwaka. Bibi hakucheka. Alimpelekea ndoo nyingine pamoja na kata. "Mwanangu," alimwambia, "hii ndoo ya wiki. Ya kuogea ni hii kata."

Lakini siku niliyoipenda kuliko zote ni ya kusugua. Kabla ya mvua, kisima kikiwa kikavu, mdogo wangu wa kike alifungwa kamba kiunoni akashushwa akiwa na ufagio kutoa tope, kwa kuwa ni yeye tu aliyepenya pale mdomoni. Sisi wakubwa tulishika kamba. Aliimba huko chini bila kukoma, kisima kikainenepesha sauti yake ikawa ya mtu mzima, nasi tukaitikia huku mbavu hatuna. Bibi alisema mtoto huyu amezaliwa na furaha yake.

Sasa bomba limefika. Mdogo wangu ndiye anayeishi kwenye nyumba ile na watoto wake, na mfuniko wa kisima umeoza kwa kutu. Kabla sijasafiri alinipigia simu kwamba anataka kukifukia asije mtoto akatumbukia, ila hawezi bila neno langu, mimi mkubwa. Nikamzungusha. Kumbe jibu lilikuwa linaningoja kati ya nguzo zile: kisifukiwe. Watu wanapanda ndege kuja kutazama tangi la wenzao, sisi la kwetu tulitie kifusi? Nilipotoka nje niliagiza chai, nikampigia.

"Shikamoo, kaka."

Niliitikia, nikamweleza yote: wafalme, nguzo, foleni ya watalii. Nikamwambia tutaweka mfuniko mpya wa chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, kaka. Lakini ninyi mlikuwa juu."

"Wewe si ulikuwa unaimba?"

"Nilikuwa naimba ili mjue bado nipo. Niliogopa nikinyamaza mtaiachia kamba, mwende zenu kucheza."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kwa upole, kama anayenieleza habari za shamba, na nyuma yake nikawasikia wanawe wakigombania kitu. Nikamwambia afukie.

Kesho yake alinitumia picha. Uwanja umesawazishwa, wanawe wamesimama juu yake wanacheka. Nililia, sikufichi. Bibi hayupo, kisima hakipo, na watoto wale watakua bila kujua mvua inavyoingia nyumbani ikakaribishwa. Wimbo ule bado naujua wote, na huwa nauimba nikiwa peke yangu. Ila sasa nikifika kwenye kiitikio sicheki tena. Naitikia kwa nguvu, asije akadhani nimeondoka.