Lehemu Inayolia

Nimeudhiwa na mambo mengi maishani, lakini hakuna lililonichosha kama kuuza kitu ambacho bei yake imo ndani ya sikio la mtu mwingine. Mahindi mnunuzi huyaona. Maziwa huyaonja. Lehemu, yale madini laini ambayo fundi huyayeyusha ili kuunganisha kipande cha bati na kingine, sisi tuliiuza kwa sauti. Fundi alichukua kijiti cha lehemu, akakisogeza sikioni, akakikunja. Kikiwa na stani ya kutosha, yaani ile bati nyeupe yenyewe, si chuma cha mabati ya paa, kilitoa mlio mdogo mkavu, kama chumvi ya mawe inayosagwa kati ya meno. Kikiwa risasi tupu, yale madini mazito ya kijivu, kilikunjika kimya, kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kijiti kinacholia kilikuwa na bei yake. Kijiti kilicho kimya kilipata nusu ya bei hiyo, pamoja na maneno ambayo sikuyaomba.

Na fundi aliyenunua vijiti vyangu pale Ruiru alikuwa ameanza kuwa kiziwi.

Sikuichagua kazi hii. Baba alitangulia kufa, kisha mama, na mimi nikatoka shuleni darasa la nne kwa sababu nilikuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwako ndugu yangu wa kiume, na nyuma yake dada yetu mdogo ambaye bado alikuwa akinyonya kidole. Tuliishi Makongeni, pale Thika, katika chumba ambacho baba alikipata alipokuwa mfanyakazi wa kiwandani, na ambacho tuliendelea kukikalia kwa sababu hakuna aliyekumbuka kututoa. Baba mdogo, aliyekaa upande wa Witeithie, alikuja baada ya mazishi akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Kijana atakuja kwangu achunge mbuzi," alisema. "Huyu mdogo aende kwa shangazi yake. Na wewe utapata kazi ya nyumba kwa mtu."

"Tutakaa pamoja, baba."

"Mtakula nini? Hewa?"

"Nitafanya kazi."

Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. Mwishowe alisema atanipa muda mpaka kahawa imalizike kuchumwa. Nikiwa na mtu anayenunua kitu kutoka kwangu kila wiki, bila kukosa, angetuacha. Nisipokuwa naye, angekuja kuwachukua. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutimiza alichosema, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Lehemu niliipata mikebeni. Thika ilikuwa na mikebe mingi kuliko watu: mikebe ya matunda, ya maziwa, ya mafuta, iliyobonyea na kutupwa nje ya viwanda. Kila mkebe una mshono ubavuni, na katika mshono mna uzi wa lehemu. Unaupasha mkebe juu ya makaa, unaugonga, tone linaanguka. Tone moja. Halafu unachukua mkebe mwingine. Yule anayefikiri kwamba madini hutoka ardhini angekuja kukaa nasi asubuhi nzima, macho yakiwasha kwa moshi, aone chini ya sufuria kitu kisichozidi ukucha.

Tena lehemu ya mikebe karibu yote ni risasi, haina sauti. Ili ilie ilibidi tuiongezee stani, nayo tuliipata kwenye tyubu za dawa ya ngozi zilizotupwa nyuma ya zahanati. Tuliziosha, tukazikunja, tukaziyeyusha. Lakini wenye kutengeneza dawa nao walikuwa wameanza kutumia tyubu za alumini, ambayo haiyeyuki kwa moto wetu, inaelea tu juu kama utando wa chai. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dada yangu mdogo aliziuma. Ile laini aliiweka huku, ile ngumu akaitupa kule, na majirani wakasema tunalea panya.

Nikishapata ya kutosha niliimimina katika mwanzi mkavu uliopasuliwa, ikatoka vijiti. Nikaomba karatasi ya kupita, maana miaka hiyo ya ukoloni hukuweza kutoka Thika kwenda Ruiru bila karatasi, nikatembea.

Fundi alitengeneza madebe, koroboi na birika, na alikarabati pampu za kupigia dawa kahawa. Banda lake lilishikana ukuta na posho mil. Mashine ya kusaga mahindi ilinguruma tangu asubuhi, ukuta ukatetemeka, unga ukaanguka kutoka darini juu ya vyombo vyake. Hapo ndipo mzee alipokuwa akisikiliza vijiti vyangu.

"Hii hailii, mami," alisema.

"Inalia, guka," nilisema, nikimwita babu kwa Kikuyu. "Sogeza karibu."

"Nini?"

"Karibu!"

"Hata nikiiingiza ndani ya sikio. Hailii. Umeweka risasi."

"Twende nyuma ya nyumba ukasikilizie huko."

"Mimi nimeshika kazi hapa miaka yote na hii masikio. Leo msichana wa juzi ataniambia nisikilizie wapi?"

Nilichukua kijiti mimi mwenyewe nikakikunja karibu na sikio lake, kikalia hata mimi nikakisikia juu ya ile mashine. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni mkono yako imelia." Akanilipa bei ya kimya. Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki hadi wiki, na wiki nyingine alisema hahitaji kabisa vijiti vya kimya, nikarudi navyo Thika nikiwa nimevikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mnunuzi wa kila wiki hakuwa huyo.

Kahawa ilipokuwa inaelekea kuisha, shamba moja lilimletea fundi pampu zake zote zirekebishwe. Lehemu ya risasi haikufaa. Pampu hutikiswa mgongoni kutwa nzima, viungo vingeachia. Alinitumia ujumbe: nilete inayolia, nyingi, na ikimfaa atachukua yangu peke yake kila wiki. Nilimpelekea baba mdogo habari hiyo. Akasema atakuja Ruiru ashuhudie kwa masikio yake, kwa kuwa amechoka kusikia kwamba tatizo ni masikio ya mtu.

Siku ile vijiti vilikuwa vyeupe kuliko vyote nilivyowahi kumimina. Viling'aa hata nikashangaa, lakini nilikuwa na haraka. Fundi akakunja kimoja, akatikisa kichwa. Baba mdogo akakichukua, akakunja.

"Ai! Hii inalia, mzee! Inalia kabisa."

Neno la mwanamume mwenye kofia lilisikika. Fundi akalipa bei ya juu, na baba mdogo akaninunulia chai na mandazi. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake tuliitwa sote. Fundi alikuwa ameketi katikati ya pampu, uso umekunjamana. Chuma cha kulehemia kilikuwa kimepata moto sawasawa, lakini lehemu yangu haikutaka kutiririka. Ilijikusanya juu ya kiungo, chembechembe, kama uji uliopikwa na mtu asiyejali.

"Umenilisha mchanga," alisema. "Hii imeingia zinki. Zinki umetoa wapi?"

Sikujua. Niligeuka kumtazama ndugu yangu, ambaye alikuwa akitazama dari.

"Betri za tochi," alisema hatimaye. "Ile kopo yake ya nje. Inayeyuka vizuri sana. Tuliona inang'aa."

"Nani alikuambia uweke?"

"Ulisema tutatawanywa," alijibu. "Tulitaka iwe mingi."

Ningempiga pale pale kama mikono yangu isingekuwa imembeba dada yetu mdogo. Baba mdogo alivaa kofia yake vizuri. "Basi," alisema. "Nimeona. Kesho nakuja na mkokoteni."

"Baba, bado."

"Bado nini?"

Nilikuwa nimechoka na mikebe, nimechoka na tyubu, nimechoka na wazee wawili walioshikilia maisha yetu, mmoja hasikii na mwingine hasikilizi. Nikamgeukia fundi nikamwuliza, kwa sauti iliyokaribia kuwa ya ukosefu wa adabu, kama zinki ikishaingia ndio mwisho, au kuna njia ya kuitoa.

Akakuna kidevu. "Kwa salfa inatoka," alisema. "Lakini inanuka. Mimi siku hizi sifanyi."

"Nitafanya mimi. Hapa hapa. Baba angoje."

Salfa, ule unga wa njano wa kupaka mbuzi wenye ukurutu, fundi alikuwa nayo kwenye kopo. Niliyeyusha vijiti vyote katika sufuria yake nzito, moto ukachochewa, nikanyunyiza unga na kukoroga kwa fimbo. Moshi ulioinuka sijapata kuuona tena. Macho yalitiririka, koo likafunga, dada yangu akakimbilia barabarani. Juu ya lehemu likaja povu jeusi gumu, nami nikaliengua, nikanyunyiza tena, nikaengua tena. Sehemu kubwa ya mali yangu ilikwenda na uchafu ule.

Ukuta wa banda ulikuwa na nyufa. Moshi ukapita ukaingia posho mil. Kwanza tulisikia kikohozi, kisha mwenye mashine akatoka mbio, mweupe kwa unga, machozi yamechora mistari mashavuni.

"Nyinyi ni watu au ni mashetani? Mnapika nini? Wateja wangu wanakufa!"

Akarudi ndani akiwa amefunika pua, akazima mashine, akatoka tena kusimama kando ya barabara na akina mama na magunia yao.

Kimya kikaingia. Sikuwahi kulisikia banda lile likiwa kimya. Nilimimina kijiti kimoja, nikangoja kipoe, nikampa fundi. Akakisogeza sikioni kwa mazoea tu, akakikunja.

Kikalia.

Alikaa vile vile, kijiti kikiwa sikioni. Akakikunja upande wa pili. Kikalia tena.

"Kai," alisema polepole. "Na hizo zingine zote ulileta, zilikuwa zinalia hivi?"

"Kila siku, guka."

"Mbona hukusema?"

Baba mdogo ndiye aliyecheka, kicheko cha kukohoa, machozi yakimtoka kwa salfa. Fundi alishika chuma chake, akagusa kiungo cha pampu, na lehemu ikakimbia kama maji kwenye ukingo wote. Akatoa pumzi. "Yake peke yake," alimwambia baba mdogo, kana kwamba mimi sikuwapo. "Kila wiki."

Baba mdogo alitutazama sisi watatu, wenye masizi na macho mekundu. Akasema mkokoteni ulikuwa wa kuazima hata hivyo, na mwenyewe aliyemwazima ana kazi nao. Akaondoka kwa miguu kuelekea kwake, peke yake.

Wiki iliyofuata nilifika Ruiru na vijiti vyangu. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Fundi akachukua kimoja, akakikunja sikioni, akatikisa kichwa.

"Hii hailii, mami."

Nilimshika mkono, mzee mzima, nikamtoa nje mpaka nyuma ya nyumba.