Vinundu vya Kunde za Jilore

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliwahi kuogopa mizizi ya kunde. Enzi zetu, miaka ya themanini, shule zikifungwa tulitolewa mtaani kwetu Barani tukapelekwa kijijini Jilore kwa bibi, kupalilia. Watoto wa leo huijua kunde ikiwa sahanini. Sisi tuliijua kwa mgongo. Ukiing'oa, mizizi ilitoka na vinundu vidogo vidogo, na Athumani, mdogo wangu lakini bingwa wa uongo, aliapa kwamba atakayevigusa ataota chunjua puani. Nikawa napalilia kwa ncha za vidole, kama mtu anayemkanda nge. Bibi alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Wapalilia au wabembeleza?" Jioni mboga ya kunde ililetwa na tui zito, nikaila na hofu yangu.

Chuo kikuu kikanipeleka nchi za baridi kusomea misitu. Kule misonobari ina njaa ya naitrojeni, ilhali hewa imejaa naitrojeni tele. Mti hauwezi kuila ikiwa hewani. Hulishwa na bakteria wakaao ndani ya vimea laini vilivyotanda chini kama zulia, na miti mingine ya huko ina vinundu mizizini, kama vile vya Jilore. Mwalimu alinipa mzizi nishike. Nikaushika, na pua ikaniwasha papo hapo. Wenyeji walikuwa na wasiwasi: joto likizidi na zulia lile likakauka, bakteria wataacha kazi na msitu utashinda na njaa.

Wasiwasi ule nilirudi nao nyumbani. Mwaka jana masika yalichelewa. Athumani, ambaye ndiye mwenye shamba sasa, akaniambia kunde zimegeuka manjano, udongo umechoka, na amepata mtu wa kulikodi achimbe mchanga. Nilimsihi angoje mvua inyeshe, kisha apasue vinundu atazame. Vikiwa vyeupe ndani, vimelala. Vikiwa vyekundu, vinafanya kazi, na mahindi ya mwakani yatapata chakula.

Zamani zile simu ilikuwa ya msiba. Uliitwa posta, ukaenda ukilia kabla hujasikia neno. Siku hizi inalia mkobani kwa lolote, watoto hawashtuki, mimi bado hushtuka. Ilipolia asubuhi moja, wiki chache baada ya mvua kunyesha, nilitafuta kiti kwanza.

"Vyekundu, dada," Athumani akasema. "Yule wa mchanga nishamwambia asije."