Kiingereza cha Mpira

Nakumbuka alasiri moja pale Ukunda, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, timu ya vijana wetu ilipocheza na wageni wa hoteli za Diani. Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la saba, nimekwenda uwanjani kumsaidia shangazi yangu, Mwanasha, kuuza viazi karai.

Kiingereza nilikuwa nacho, ila aliyejua hilo ni shangazi peke yake. Nilikiokota redioni, jikoni kwake. Mechi ikitangazwa, mtangazaji wa Kiswahili alisema kidogo, kisha akampokeza mwenzake wa Kiingereza. Wa kwanza akisema hatari langoni, wa pili alisema “dangerous”, nami huku nakuna nazi, nayarudia yote. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Redio ile ndogo ilikuwa chuo changu. Lakini mbele za watu nilikuwa bubu, naogopa kuchekwa.

Siku hiyo aliyeshika kipaza sauti ni Otieno, kijana wa bara aliyefanya kazi hotelini. Kipindi cha pili hakijafika mbali, sauti ikamkauka.

“Nani atanipokea?” akauliza kwa tabu. “Wageni wanataka Kiingereza.”

Nikainamia viazi vyangu. Shangazi akanikazia macho.

“Mwanamisi, kila siku wayatangazia masufuria yangu. Leo umepata watu, wanyamaza? Neno lililofungiwa kinywani halimfai mtu. Hebu inuka!”

Nikainuka, nikapokea kipaza sauti. Nilitaka kusema kipa ameudaka mpira. Nikasema mpira umemdaka kipa. Wageni wakaangua kicheko. Nikangoja ardhi inimeze, isinimeze. Basi nikacheka nao, nikaendelea.

Weh! Maneno yakaja kama mvua ya masika. Vijana wetu walipofunga bao la ushindi, nilipiga ukelele uwanja mzima ukasimama, wageni wakinipigia makofi mimi!

“Sista, umeiva!” Otieno akasema kwa sauti yake iliyokauka.

Hoteli ikaniita niwe mtangazaji wa michezo ya wageni. Kazi hiyo, alhamdulillahi, ilinijengea nyumba ya mawe Msambweni.

Leo, mwanangu, una simu kiganjani, imejaa filamu na nyimbo za kila lugha. Usiache maneno yakupite tu masikioni. Liokote linalokupendeza, liulizie maana, kisha liseme mbele za watu, hata ukilikosea. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mola akufungue ulimi, akuondolee haya isiyo na faida, na kila mlango utakaoubisha uitikiwe kwa heri. Amina.