Sensor yangu ilivyowafupisha wageni wote siku ya maonesho, Rusimbi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kigoma. Haya yamenikuta mwenyewe, na mkibisha namleta baba humu, ingawa yeye atasimulia vingine.

Mchana nauza dagaa na baba pale Katonga. Jioni nasoma elektroniki ya wanaoanza, huku Rusimbi.

Baba hakuipenda hiyo jioni hata siku moja. Akaniambia, "Siku ya maonesho nakuja. Nisipoona cha maana, hayo mawaya unaacha, unabaki kwenye dagaa."

Niliogopa jamani. Lile darasa nalipenda.

Projekti yangu ilikuwa kupima urefu wa mtu kwa sensor ya ultrasonic. Ni kadude kenye macho mawili kama bundi. Jicho moja linatoa sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga kitu na kurudi, jicho la pili linaipokea. Ukijua imetumia muda gani, umejua umbali.

Nikaifunga juu ya mlango ikitazama chini. Unapita, inapima mpaka kichwani, inatoa umbali huo kwenye urefu wa mlango, namba inatokea ukutani. Nilishaijaribu mara nyingi, iko sawa.

Siku ikafika. Baba akapewa kiti cha heshima, akataka kitazame mlango ili asipitwe na kitu. Mama akakaa nyuma yake.

Akaingia kaka mmoja tunayesoma naye, mrefu, taa za darasa anabadilisha bila stuli. Namba ikasoma sentimita 118. Watu wakacheka. Akafuata mwalimu wetu, 109.

Baba kakunja uso. Mimi jasho, nashika waya huu, naachia ule.

Kumbe waya hazina kosa. Huku kwetu ukikuta mzee amekaa hupiti umenyooka kama mlingoti. Kila aliyekanyaga kizingiti alimwona baba, akainama pale pale, "Shikamoo Mzee, mwidiwe," ile salamu yetu ya Kiha, na sensor ikapima mgongo.

Sasa nimkataze nani kumwamkia baba yangu?

Nikamwomba apite yeye, maana hana wa kumwinamia. Akapita kifua mbele, kofia kichwani. 164.

Mwalimu akachukua futi kamba, akampima. 164, na kofia. Watu wakapiga makofi, nami nikafurahi nusura nilie.

Baba hakupiga. Tangu uchumba mama anaambiwa kaolewa na mtu wa sentimita 175. Mama alimtazama tu kuanzia kofia mpaka viatu.

Njiani baba akanigeukia. "Hiyo mashine yako bado haijakomaa. Utaendelea na hilo darasa mpaka inipime vizuri."

Nilichojifunza: kifaa kijaribu kwa watu wanavyoishi, siyo wewe peke yako unapita pita mlangoni.

Wenye wazee waliojipangia urefu, karibuni mtiririke hapa chini.

Mimi bado nasoma, wakuu. Sensor haina tatizo lolote, na baba simwambii.